Matanga ya Kombora

Jumanne, 1 Septemba 1998
Redio imesema Korea Kaskazini imerusha kombora, limepita juu ya Japani likaangukia baharini ng'ambo. Yumiko alikuwa anachambua maharage. Ni mjitolea wa kilimo kutoka Japani, mwaka wa pili sasa tunakaa nyumba moja hapa Tingi. Baba yake mvuvi, bahari hiyohiyo lilikoangukia. "Dada Tekla, wiki hii yuko majini," akasema, akaendelea kuchambua. Mabovu anayatia kwenye mazuri. Nikayatoa mwenyewe.

Jumatano, 2 Septemba
Jamani, watu wetu! Tumerudi shambani saa tisa, uani pamejaa mikeka. Kina mama wamejitanda kanga. Jiko letu halijawashwa, ubwabwa unapikwa kwa jirani. Kombora, Japani, baba — habari imezunguka kijiji kizima, wakaanza matanga. Yumiko kashakaa misiba mingi nasi. Alipoona mikeka, alijua taarifa imekuja. Akaketi palepale njiani na jembe lake. "Nani kawaambia?" Hakuna aliyeambiwa kitu, ni redio tu. Bi Kadija, jirani aliyewakusanya, aliona haya. Lakini hakuondoka. Eti wamekaa ili mtoto asisubiri peke yake. Nilikasirika sana. Halafu nikamkuta Yumiko kalala mapajani pa Bi Kadija, anachanwa nywele. Hasira ikaniisha.

Alhamisi, 3 Septemba
Mikeka ipo bado. Redio: Japani imesimamisha msaada wa chakula kwa Korea. Yumiko akasema sawa kabisa, wanyimwe. Nami nikaitikia. Bi Kadija akakataa. Mwaka huu, baada ya mafuriko ya elnino, yeye na wajukuu walikula unga wa msaada tu. Hakuna aliyemuuliza kwanza serikali yake ina makosa gani. Waliorusha hilo dude, anasema, watakula vizuri tu leo.

"Bibi, baba yangu yuko majini."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuletea chakula."

Kila mmoja akashika kazi yake mpaka alasiri. Kisha Yumiko akamkatia papai, akampa kwa mikono miwili. Maneno yangu ni yaleyale, akasema. Na yangu, akasema Bi Kadija. Wakala.

Ijumaa, 4 Septemba
Posta, Kilwa Masoko. Naandikia kwenye benchi. Tumekuja na lori, watatu — Bi Kadija kagoma kubaki. Opereta kajaribu mara mbili, hola. Ya tatu imeita. Aliyepokea ni mama yake, nimemjua kwa sauti. Halafu ameiweka simu kando. Kucha za Yumiko zimo mkononi mwangu.

Kasimama wima ghafla. "Shikamoo, baba."

Kwa Kiswahili! Wala hajijui. Bi Kadija analia, mimi nalia.

Sasa wanasema lugha yao. Sauti zimepanda. Nimesikia "Tingi" mara mbili. Anaitwa nyumbani, ni lazima, mzazi gani asingemwita? Yumiko anatikisa kichwa. Amegeuka, ananitazama, machozi tele. Ningekuwa mtu mwema ningemwambia nenda, mama. Najikuta natikisa changu —