Kutu ya Asubuhi Moja

Selestina, sikia haya!

Bwana mmoja kasimama kwenye gereji yetu hapa Lusahunga na pikipiki ya maji kwenye pikapu, ile ya kuendesha umesimama. Clotilda wangu kabonyeza swichi mara moja tu, injini haikuzunguka. Bwana akafoka: "Ilikuwa nzima! Umeiua, utailipa!"

UTAILIPA! Mwanangu!

Clotilda akasimama mbele ya gari. "Haondoki mtu kabla hatujaiangalia injini." Akafungua plagi, akamulika tochi ndani. Silinda kutu tupu, pistoni imeng'ang'ania.

"Chungulia, baba. Kutu yote hii imeota tangu nibonyeze swichi?"

Watu wakacheka. Bwana akaingia kwenye gari.

"Haya, kwaheri, baba. Safari njema," Clotilda akamwambia.

Fideli wako naye fundi, mwambie asiguse injini ya mpita njia kabla mwenye injini hajachungulia ndani.

Yule bwana akirudi, atatukuta hapa hapa.