Abdisalam Rage wa Zimamoto, na Mkono wa Tanzia kwa Ayanle

Mwaka umetimia sasa, Abdisalam, tangu paa la duka la magodoro lilipoanguka sokoni Garissa, likakuchukua wewe na Nunow, mwenzako wa zimamoto. Jamaa za Nunow wamemwombea kwao Bura. Sisi tunakuombea hapa nyumbani.

Ulikuwa mtu wa kazi. Ukirudi ulivua viatu nje, ukaoga kwanza, ndipo ukamsalimia mama yako, kwa sababu hakupenda harufu ya moshi. Baba yako, aliyejifunza kusoma ukubwani katika masomo ya ngumbaru, alikusahihisha Kiswahili hata wakati wa kula, nawe hukuchoka kusahihishwa.

Ulipopelekwa kambini Hagadera kuwaonyesha wenye vibanda namna ya kuzima moto wa jiko kwa mchanga, mama mmoja muuza sambusa alikukatiza. "Nyinyi huja moto ukishashiba. Leo mmekosea, mmewahi."

Ukamjibu kama shangazi yako, "Ndiyo maana nakuachia mchanga, eeddo. Mchanga haumngojei dereva." Walicheka, kisha wakajifunza.

Leo tunataka kukupa habari za Ayanle. Alipohamia kazini kwenu kutoka Bute hakuwa na jamaa mjini. Wewe ulimleta kula kwetu, naye akawaita wazazi wako adeer na eeddo, ami na shangazi, bila kufundishwa. Siku ile mliingia dukani watatu kwa mpira mmoja wa maji: wewe mbele, Nunow nyuma yako, Ayanle wa mwisho. Maji yalipopungua nguvu ulimtuma nje akamwambie dereva. Alitoka. Alipogeuka kurudi, mlango haukuwapo tena.

Katika siku za tanzia nyumba ilijaa. Kila aliyeingia alitushika mkono na kusema, "Samir iyo iimaan," akituombea subira na imani kama ilivyo desturi yetu. Ayanle hakuketi nasi mkekani. Alibeba birika, akamimina chai, akawakaribisha watu. Sisi tulimwona mtu mwema anayetusaidia. Mkono wa tanzia hupewa wa damu, naye hakuwa wa damu, basi watu walipokea vikombe kutoka mkononi mwake na kumpita. Hata jamaa zake wa Bute hawakujua wampe pole ya nani.

Baadaye akaacha kuja. Kazini alifika kila zamu, lakini hakushika tena mpira wa maji. Aliosha gari, akalikausha, akaliosha tena. Wenzake walimtania kwamba amelioa. Mwezi huu baba yako alisikia kwa mkuu wao kwamba Ayanle anaacha kazi, anarudi Bute kwenye mifugo ya babake. Si vibaya mtu kurudi kwenye mifugo. Lakini tuliona kwamba akiondoka hivyo, ataondoka na moto ule mgongoni, wala huko hakuna atakayejua amebeba nini.

Hatuna desturi ya kuadhimisha mwaka wa kifo. Hata hivyo tuliwaita watu alasiri, wakasoma Qur'ani, tukachinja mbuzi. Ayanle alikuja, akapita moja kwa moja hadi jikoni. Mama yako akamfuata, akamwita hooyo, kama mama amwitavyo mwanawe.

"Weka hilo birika, hooyo."

"Eeddo, wageni wamekaukwa na koo."

"Wageni wana mikono. Njoo ukae."

"Nikae wapi? Pale mbele ni pa wenyewe."

"Na wewe ni nani hapa? Mwenye hoteli?"

Akamwongoza hadi kando ya baba yako. Baba yako akamshika mkono mbele ya watu wote. "Samir iyo iimaan, mwanangu. Umefiwa."

Ayanle akasema, "Adeer, mimi nilitoka."

"Ulitumwa," baba yako akasema. "Mkubwa wako kwenye mpira alikutuma, ukatii. Ungekaidi, mimi ndiye ningekulaumu."

Basi wageni wakainuka mmoja mmoja, wakampa mkono kama anavyopewa mfiwa siku ya kwanza. Wa mwanzo aliwaitikia kwa kichwa. Ikafika zamu ya dereva wa gari lenu, yule ambaye Ayanle alitumwa kwake siku ile. Ayanle alijifunika uso kwa shali yake na kulia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipokwisha kulia, mzee mmoja aliyechelewa kufika alimnyooshea kikombe kitupu, kwa mazoea tu. Ayanle alikitazama.

"Jimiminie, adeer. Mimi leo nimefiwa."

Watu walicheka, na yeye akacheka kidogo.

Hajasema kama atabaki au ataondoka, nasi hatukumuuliza. Akirudi Bute, atarudi kama mtu aliyefiwa, si kama mtu aliyetoroka. Tulidhani ungependa kulijua hilo.

Wanaokukumbuka ni baba yako Rage, mama yako Mulki, mkeo Osob, binti yako Deka, dada yako Nasteha, na ndugu yako Ayanle.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Abdisalam. Maadamu tunapumua, hututoki moyoni.