Siku Niliyomwita Mwingine Mama Mchungaji

Bahati,

Usishtuke nikikuita hivyo. Maisha yetu yote ya ndoa nilikuita Mchungaji, hata jikoni, nawe ukaniita Mama Mchungaji hata nilipokuwa nimelala na homa. Leo nimechoka na vyeo. Nataka kuongea na mume wangu.

Tangu tukuzike, hapa kanisani Yeoville, Johannesburg, hawajui waniite nini. Mchungaji mpya alipofika kutoka Bukavu na mke wake Aline, kanisa zima lilianza kumung'unya maneno. Aline akipita wanamwita dada, kwa sauti ya chini. Nikipita mimi wanaanza "Mama Mchu..." halafu wanakohoa. Na kosa ni lako. Wewe ndiye uliyeweka desturi kwamba mke wa mchungaji mpya haitwi kwa cheo mpaka yule aliyemtangulia amfunge kitenge mabegani na kumwita yeye kwanza, mbele ya wote. Ulisema ni heshima. Hukuwaza kwamba atakayeshika kitenge hicho siku moja atakuwa mjane wako.

Nilikataa. Mzee wa kanisa alikuja, akakalia sofa lako, akaniambia kanisa linapasuka: kina mama wanaonipenda hawamsalimii Aline, na wanaompenda Aline wameshaanza kusali kwenye fleti ya mtu. Nikamwambia anywe chai yake aende. Nilikuwa na hasira, Bahati. Wewe umeondoka, nyumba ya kanisa nimeihama, yamebaki maneno mawili tu, nayo wanayataka!

Halafu Alhamisi Aline alikuja mwenyewe, ametoka saluni anakosuka, mikono bado inanuka mafuta ya nywele. Nilimwacha mlangoni kwa muda usio wa adabu. Nilidhani amekuja kudai chake. Alipokaa akasema, "Mama, niko naogopa. Wakianza kuniita vile, nani atakumbuka kama mimi ni Aline?" Kisha akaniangalia. "Na weye, mama, jina yako ni nani?"

Ukiwaondoa makarani wa vibali, hakuna mtu wa Johannesburg aliyewahi kuniuliza. Mara ya mwisho kulisikia likiitwa kwa mapenzi ilikuwa kwako, kabla hawajakuwekea mikono ya uchungaji, ulipokuwa ukiniita chini ya dirisha la shangazi na kujifanya unapita tu. Nililia mbele ya yule msichana, nikaona aibu, nikamkaangia mayai.

Leo Jumapili ukumbi ulijaa. Wale wa fletini walirudi, wakakaa upande wao. Nikasimama na kile kitenge cha kijani nilichofungwa mimi ulipoianzisha desturi hiyo, nikakikunja na kukikunjua. Mzee alinikodolea macho. Tulisikia hata honi za teksi kule kwenye robot, taa za barabarani. Aline akasogea mbele yangu. Nikamfunga. Nikamnong'oneza kwanza sikioni, "Aline." Ndipo nikasema kwa sauti, "Karibu, Mama Mchungaji."

Vigelegele vikapasuka pande zote mbili. Sitakudanganya, iliniuma kama kung'olewa jino. Sikurudi kwenye kiti cha mbele. Nilikwenda kukaa dirishani, kwenye viti vya plastiki, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaondoa mkoba wake kunipisha. Akaniuliza taratibu aniite nani sasa.

"Faida," nikamwambia.

Kwenye msalaba wako wameandika "Mchungaji Wetu", basi. Anayepita hajui ni nani amelala pale. Nakuahidi nitakuja na fundi tuandike Bahati, kwa herufi kubwa, na cheo kikae chini. Na siku yangu ikifika, Aline anajua la kuandika.

Pumzika, baba.

Mkeo,
Faida