Kuulizwa Mara ya Pili

Jumatano, 5 Juni 2024

Shangazi Rozalia amefika! Dada yake Baba, anayeishi Zambia, Mpulungu, kule ziwa letu linakoishia. Siku tatu njiani — Mbala, Sumbawanga, Mpanda, mpaka hapa Mwanga — na bado ameshuka kwenye bajaji anacheka. Mara ya mwisho alipokuja nilikuwa na miaka sita.

Nilikuwa nafua. Nilipomwona nikajificha nyuma ya shuka iliyokuwa kwenye kamba. Sijui kwa nini. Dada Frasia ndiye aliyekimbia kupokea mabegi. Shangazi akamkumbatia, akamzungusha. "Yunisi wangu! Umekuwa mkubwa hivi!" Na Frasia akacheka tu! Hakusema "mimi siye" mpaka Mama alipotoka ndani.

Nikajitokeza, mikono imejaa povu, nikapiga goti, shikamoo Shangazi. Akauliza, "Na huyu mpole ni nani?"

Niandike ukweli hapa, maana hapa hasomi mtu. Frasia si damu ya Shangazi hata tone. Ni mtoto wa Mama Mkubwa Skolastika wa Mwamgongo, upande wa Mama. Anakaa kwetu miaka sita sasa, tunalala chumba kimoja, nampenda. Lakini lile kumbatio lilikuwa langu.

Alhamisi, 6 Juni

Mama amecheka leo, mara ya kwanza tangu ziwa lifungwe kwa wavuvi mwezi uliopita. Nyavu zake za kuanikia dagaa zimekunjwa uvunguni, sokoni Kibirizi haendi, anakaa tu anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Shangazi akamtazama juu mpaka chini. "Wifi, umekonda kama mgebuka wa kukaushwa!" Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Jioni Shangazi alisimulia. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, iko mlimani, ni yake mwenyewe. Hakuna mwenye nyumba wa kugonga mlango. Muhogo nyuma ya nyumba, mapapai yanaoza kwa kukosa mlaji. Maji anateka ziwani. Asubuhi anapika maandazi na chai kwa watu wa bandarini, saa sita amemaliza, anakaa barazani anatazama maji. Anasema kuna wiki hashiki hela kabisa na hakosi kitu. Huku kwetu hata ndoo ya maji ni ya kununua, na fungu la mchicha bei yake imekuwa kama ya shada la maua ya harusi.

Baba alisikiliza akitikisa kichwa. Yeye karani wa mizigo bandarini, na mizigo siku hizi ni ya kusubiri.

Mimi niliiona ile baraza. Nilijiona nimekaa pale na daftari. Asubuhi maandazi, mchana kimya. Hakuna wa kuniuliza kila siku, "Matokeo bado? Umeomba chuo gani?" Kazi mikono yangu inaijua, na ziwa ni hilihili. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefanya nini!

Tulikuwa mkekani, ugali wa muhogo na sombe ya majani yake. Shangazi alinawa, akafuta mikono, akasema mbele ya wote: kaka, watoto wangu wameoa na kuolewa, nyumba imekuwa kubwa, nataka binti mmoja wa kukaa naye. Si wa kazi — binti. Akanigeukia.

"Yunisi, unataka kuja kuishi na mimi?"

Moyo uliruka. Na nikausikia mdomo wangu ukisema, "Hapana, Shangazi. Asante."

Ndivyo tulivyolelewa! Ukikaribishwa chakula kwa watu unasema umeshiba, hata kama hujala tangu jana. Mwenyeji anasema acha aibu, karibu. Unasema asante, nimeshiba kweli. Anasema tena, na hapo ndipo unanawa. Anayenawa mara ya kwanza ni mroho. Nilipokuwa na miaka mitano Mama alinifinya paja nyumbani kwa Bi Semeni, rafiki yake wa Ujiji, kwa sababu nilinawa mara ya kwanza. Mpaka leo naukumbuka ule mfinyo. Na hii si sahani ya wali, ni maisha mazima — ningeyadakaje kama mwewe? Nikainamisha macho, nikasubiri kuulizwa tena.

Shangazi akasema, "Haya, mama. Sikulazimishi."

Basi. Hivyo tu!

Na Frasia, mdomo bado una sombe: "Shangazi, mimi nitaenda."

Wote wakacheka. Baba akasema huyu hata kumeza hajameza. Shangazi akapiga makofi. "Huyu ndiye! Mtu anayejua anachotaka."

Nilikusanya vyombo. Hata kijiko kimoja hakikunianguka.

Jumapili, 9 Juni

Leo simwiti dada.

Kanisani Frasia alikaa katikati, Shangazi kulia, Mama kushoto. Mimi nilikaa na watoto wa jirani. Frasia amevaa kitenge kipya cha Zambia chenye ndege wa rangi ya chungwa. Kimempendeza. Hilo ndilo baya zaidi. Angekuwa amependeza kidogo tu ningeweza kuvumilia.

Kila kitu chake leo kimenikera. Anavyosema "Shangazi" — kwa kuvuta, "Shangaaazi". Anavyocheka kabla kichekesho hakijafika. Anavyopiga mswaki akiimba! Kidato cha nne alipata sifuri, mwaka juzi, akalia siku moja, akaamka akaenda kuuza barafu shuleni kwetu. Shuleni kwetu! Mimi ningejifungia mwaka mzima.

Najiuliza kwa haki: jana asubuhi, kabla Frasia hajasema "mimi nitaenda", nilikuwa naitaka Mpulungu kiasi hiki? Niliitaka. Ila sasa naitaka mpaka meno yanauma.

Jumatano, 12 Juni

Hakuna aliyeniuliza tena. Leo nimejaribu kujipitisha. Shangazi alikuwa anasuka ukili, nikakaa karibu naye, nikamsaidia kuloweka. Nikasema huko Mpulungu lazima kuna upepo mzuri. Akasema upo. Nikasema mimi napenda upepo. Akanitazama kwa upole. "Wewe ni mtoto wa kubaki na mama yako, nimekuona. Kila mtu na sehemu yake."

Nilisema nini? Nilisema ndiyo, Shangazi.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Tumealikwa kwa Mzee Hamdani na Bi Semeni, Ujiji, kama kila mwaka. Sisi tunawaalika Krismasi. Bi Semeni akaleta pilau. Nikasema nimeshiba. "Umeshiba nini wewe, na mifupa yote hiyo? Karibu!" Asante Bi, nimekula. "Hebu nawa mikono, usinichekeshe sikukuu!" Nikanawa. Nikala sahani mbili.

Shangazi alikuwa anatuangalia. Akacheka mpaka akapaliwa. "Jamani, haya mambo nilishayasahau! Kule kwetu ukisema umeshiba, sahani inaondoka, inakwenda kwa mwingine. Mwaka wa kwanza nilishinda njaa!"

Watu walicheka. Mimi nilirudisha tonge sahanini. Kwa hiyo hakunidharau. Hakumpenda Frasia kuliko mimi. Alinisikia nilichosema, akaamini, na sahani yangu ikaondoka.

Mama hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi. Nilipomtazama akageukia mtungi wa maji.

Jumanne, 18 Juni

Frasia anahitaji hati ya kusafiria, na lazima apeleke barua kwa mwenyekiti wa mtaa. Nani mwenye mwandiko mzuri nyumba hii? "Yuni, mwanangu, niandikie basi. Mimi nikiandika watadhani kuku amepita."

Nikaandika. Mimi Eufrasia, mzaliwa wa kijiji cha Mwamgongo, naomba kwa heshima na taadhima. Mkono wangu mwenyewe! Alikuwa amelala kifudifudi kitandani anachezesha miguu, anataja tarehe. Kwenye mwaka wa kuzaliwa nikaandika mwaka mwingine. Kwa makusudi. Nikauangalia ule mwaka. Uhamiaji wangemrudisha, wangemhoji baba yako nani, babu yako alizaliwa wapi, sisi watu wa mpakani tunajua hayo maswali. Basi lingeondoka bila yeye.

Nikachana, nikaandika upya kwa mwaka wa kweli. Nikamwambia nimekosea. Akasema pole, unachoka bure kwa ajili yangu, akaenda kuninunulia karanga.

Nimekula hizo karanga. Zilikuwa chungu? Hapana, zilikuwa tamu. Nimeandika na barua nyingine, hii ya jina langu. Mimi Yunisi, mkazi wa Mwanga. Tarehe zote ni za kweli. Imo humu katikati ya daftari.

Alhamisi, 20 Juni

Nimemwambia Mama! Tulikuwa tunatwanga sombe, kelele ya kinu ilinisaidia.

"Mama, mimi nilitaka kwenda."

Mchi haukusimama. "Ulisema hutaki."

"Nilisema mara ya kwanza tu."

Hapo mchi ukasimama. Akasema, polepole, "Nilijua." Alijua palepale mkekani. Angeweza kumwambia Shangazi, wifi, mtoto huyu muulize tena. Hakumwambia. Alifurahi. Alinyamaza akafurahi, hivyo ndivyo alivyosema, huku anafuta jasho kwa mkono wenye majani. "Mmoja wa kuondoka ameshapatikana. Nikakuona umebaki. Unisamehe."

Kisha akasema Shangazi yuko pale uani, sasa hivi, nenda ukamwambie kwa mdomo wako. Mimi sitakuzuia, wala sitakusemea.

Nilifika mpaka kwenye pazia. Shangazi alikuwa anampima Frasia gauni, pini mdomoni, na Frasia amenyoosha mikono kama ndege. Nikarudi kutwanga.

Jumamosi, 22 Juni

Hati ya Frasia imetoka. Ameibusu mbele ya watu. Wataondoka Jumanne alfajiri kwa basi la Mpanda. Ameniomba begi langu la bluu, lile la bweni, maana lake zipu imekufa. Nikasema chukua. Begi, mara ya kwanza tu nikasema chukua! Kutoa naweza.

Leo amepanda boti kwenda Mwamgongo kumuaga mama yake. Chumba ni changu peke yangu. Nimejifunza mbele ya kioo. "Ndiyo, nataka." Mara ishirini. Sura yangu inaposema hivyo inakuwa ya mtu mwingine, mtu mwenye kiburi kidogo. Sikumchukia.

Jumatatu, 24 Juni

Frasia amerudi na boti ya mchana. Nilifikiri atakuja anaimba. Alikuja kimya, na chupa ya mawese na samaki wawili waliofungwa kwenye majani. Mguu wa Mama Mkubwa umevimba, anatembea na fimbo. Hakumkataza kwenda. Alimpa mawese tu, akamwambia wasalimie.

Shangazi na Mama wamekwenda sokoni kununua vitu vya njiani. Tulikaa wawili kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Frasia alichora chini kwa kijiti.

"Yuni, nikuulize kitu. Hivi wewe hukutaka kweli?"

Niliangalia kijiti.

Akaendelea, haraka haraka, hakunitazama. Kama nataka, yeye ataniachia. Atarudi Mwamgongo akae na mama yake mpaka ziwa lifunguliwe, kisha wataona. Shangazi hana haraka, basi lipo hata Ijumaa. Baba Mdogo — yaani Baba yangu — anaweza kunipeleka ofisi ya uhamiaji kesho asubuhi. "Ni shangazi yako wewe. Mimi nilisema tu, nilijua utaulizwa tena. Halafu hukuulizwa, na mimi nikawa nimeshakubali, nikaona aibu kurudi nyuma. Sema basi. Unataka?"

Barua iko kwenye daftari hili. Nilijifunza mara ishirini.

Nikasema, "Hapana, dada. Nenda tu wewe."

Alinitazama. Muda mrefu, kwa Frasia. Kisha akasema, "Haya," akaweka kijiti chini, akaenda kuosha vyombo vya mchana.

Nimechukua daftari na begi ndani, nimerudi kukaa palepale. Naandika hapahapa ngazini, begi la bluu mapajani, daftari juu ya begi. Namsikia. Sahani. Sahani. Sufuria ile ya ugali inachukua muda, lazima ikwanguliwe.

Frasia si Shangazi. Amekula na sisi miaka sita. Idi sita kwa Bi Semeni, na yeye mwenyewe pale husema nimeshiba, akinikonyeza. Anajua mara ya kwanza ni adabu tu. Si anajua?

Akiuliza tena nitasema. Mdomo wangu nimeushika kwa mkono kabisa, usije ukanitangulia. Ndiyo, nataka. Ndiyo, dada, nataka.

Amemwaga maji. Kandambili zake zinakuja. Amesimama nyuma yangu, mlangoni, anafuta mikono kwenye khanga — nasikia anavyofuta.

"Yuni," anasema, "lile begi la bluu liko wapi?"

Sijajibu.

Anauliza mara ya pili.