Tezo Nyuma ya Kamba

Shikamoo Baba Mdogo,

Huku Uingereza wanasema ni kiangazi, nami nimevaa masweta mawili. Ufukwe ni mzuri, ila samaki wao anakatwa kichwa kabla hujamjua ni nani.

Mji huu zamani ulikuwa unaunda meli, na kabla ya meli mashua za mbao. Leo hauundi hata kasia. Karakana wameigeuza makumbusho, na humo nimekuta tezo kama yako ya kuchongea mitumbwi imelazwa kwenye kitambaa chekundu, imezungushiwa kamba. Nikajisahau, nikapeleka mkono na kujaribu makali kwa dole gumba, kama ulivyokuwaga unanifundisha. King'ora kikalia!

Mlinzi akaja mbio, mzee aliyewahi kuwa fundi wa meli za chuma humo humo. "Hairuhusiwi kugusa!"

"Samahani mzee, lakini ni butu."

Akakiri kwamba mji mzima hajabaki mtu wa kuinoa, kisha akaniuliza kwa heshima zote nimejifunzia makumbusho gani huko Tanzania.

Nikamwambia makumbusho yetu yako kijijini Kiriba, kando ya ziwa, yana kipara, yanachonga mitumbwi, na saa hizi pengine yanakula ugali kwa furu, visamaki vya ziwani vyenye vichwa vyao.

Ile kauli yangu ya Krismasi, kwamba utupe tezo ununue boti la faiba, naifuta mbele ya ukoo mzima. Kula ushibe, mgongo usugue mafuta, na akija mtu kukuzungushia kamba, mfukuze na tezo.

Mwanao,
Nyangeta