Divai Tuliyoitema Mundika

Mama mpendwa,

Nakuamkia kutoka huku mpakani Busia. Goti linaendeleaje, na mvua imefika Kitui? Mutua, unapomsomea mama barua hii usiruke mstari, hata pale ninapojitukana.

Mwili ni mzima, ila nimechukizwa. Sisi makarani wa posta na walimu wa hapa, pamoja na wawili wa Malaba, tulianzisha chama cha kuonja divai. Uhuru umetupa viti vya Wazungu, tukadhani lazima tuige na mikao yao. Mjane mmoja wa Mundika, Mama Nekesa, hutengeneza divai ya ndizi. Jumamosi moja mchana, mwezi uliopita, alitufungulia kwake chupa za mwaka wa sitini na tatu, sitini na nne na sitini na tano. Akaonja kwanza yeye, kama ilivyo desturi, tuone haina sumu. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu, akaniuliza waonjaji hufanyaje. Mimi msomi wenu nikajibu nilichosoma vitabuni: huizungusha mdomoni, kisha huitema. Tukatema kwenye beseni lake, watu wazima wenye tai, majirani wakichungulia. Na ile ya sitini na tatu ilikuwa nzuri, mama. Hilo ndilo linaloniuma.

Mama Nekesa akatazama beseni. "Kwani nimewawekea nini?"

"Mama, hiyo ni heshima," mwenyekiti akasema. "Wazungu hutema."

"Basi mngeenda kuonja kwa Wazungu."

Kufikia Jumatatu Mundika yote ilijua kwamba makarani wamelishwa sumu. Yeye huishi kwa kuuza uji sokoni. Hakuna aliyegusa kikombe chake. Nilimtaka mwenyekiti twende sote tukanywe hadharani. Akasema atamwandikia mjane cheti kwamba divai yake ni safi. Nikamwambia akiloweke hicho cheti anywe yeye, nikatoka chamani.

Nilikwenda sokoni peke yangu. Mama Nekesa akaonja uji, akanipa, nikaumaliza mbele ya watu.

"Ngojeni," mama mmoja muuza omena, dagaa wa huku ziwani, akasema, "sumu ya mjane hukawia."

Wakangoja. Mama Nekesa akaniambia, "Karani, kunywa siku moja ni bahati tu. Rudi."

Kwa hiyo narudi kila siku ya soko. Jana, wiki ya tano, yule muuza omena aliketi kando yangu, akaagiza nusu kikombe, akasubiri nianze mimi.

Nisalimie shangazi anayekuchungia mbuzi. Mke wangu mwambie likizo nimeiahirisha. Siwezi kukosa soko sasa.

Ni mimi, kifunguamimba wako,
Kioko