Herufi Zilizoachana Siku ya Msiba wa Haji Raif

Hama,
Jumamosi, 2 Februari 2008

Mpendwa Mjomba Sufyan,

Leo nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo Mama hayajui, na sitaruka mahali panaponifedhehesha. Ila kwanza nikusalimu, maana nimefundishwa kwamba mtu hamwagii mwenzake shida kabla ya kumjulia hali.

Assalaam alaykum wewe, Mama Layth na watoto. Hujambo, Mjomba? Mgongo bado unakusumbua ukikaa sana kazini? Sisi huku tu wazima. Baridi ya mwaka huu ni kali, mabomba ya juu ya paa yameganda, na Bibi habanduki kwenye jiko la mafuta. Anasema safari ijayo usitume tende, utume joto la Kuwait kwenye gunia.

Huenda unajiuliza kwa nini sikungoja siku yako ya kupiga simu. Simu yetu iko sebuleni, na ukipiga wote tunaizunguka. Haya siwezi kuyasema wakiwa wananisikiliza.

Unaikumbuka kompyuta uliyomwekea Baba dukani, anayoitumia kuchapa kadi za harusi na matangazo ya vifo. Tangu uondoke, kila akifungua programu ya kuandikia kinatokea kidirisha kinachotaka kuongeza vitu vingine. Ukikubali, kinadai diski. Ukikataa, kinaondoka, kisha kinarudi tena na tena kabla ya kukuachia ukurasa. Baba alikwisha kukizoea, alikuwa akikikataa huku anakunywa chai. "Huyu ni kama muuza mazulia," husema. "Ukimwambia hapana, anadhani unataka apunguze bei."

Mimi sikuweza kukivumilia. Mwalimu wetu wa kompyuta, Bi Shahira, husema nina mkono mwepesi, na sifa hiyo imenikaa kichwani. Jumanne, kwa kuwa tuko likizo ya nusu mwaka, nilikuwa dukani. Baba alipokwenda kuswali nikafungua mahali palipoandikwa nyongeza zote za programu ile. Nikawaza: kama shida yake ni nyongeza, nikiziondoa zote haitakuwa na la kudai. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Nikaondoa mambo ya kusema na mashine, nikaondoa michoro, nikafika penye lugha za ziada. Mjomba, haikunijia hata kidogo kwamba Kiarabu chetu kimewekwa huko. Nilijua lugha za ziada ni za watu wengine. Nikaziondoa zote.

Nikafungua programu, kimya. Ukurasa mweupe ukaja papo hapo. Sikuandika hata neno moja kuijaribu. Baba aliporudi na kuona, alimwita muuza viatu wa mlango wa pili: "Njoo umwone daktari wangu! Kamponya mgonjwa bila sindano!" Masikio yangu yalipata moto kwa furaha.

Alfajiri ya Jumatano Haji Raif kinyozi akafariki, Mungu amrehemu. Ndiye aliyekuwa akikunyoa ulipokuwa mdogo, na Mama anasema ulimng'ata kidole. Mazishi yalipangwa baada ya adhuhuri. Mkwewe, Baba Nizar, alikuja dukani mapema kuchapisha tangazo. Akasema likiwa tayari tu atavuka mto kumchukua Hajati Wasila, dada yake marehemu, anayeishi peke yake bila simu, aje amtazame kaka yake usoni kabla hajatolewa nyumbani.

Baba akaanza kuandika. Kila herufi ikasimama peke yake, haishikani na mwenzake, na mstari ukaanzia kushoto. Baba Nizar akainamia kioo.

"Mufid, haya ni majina ya watu au mchwa waliopotezana?"

"Ngoja kidogo, Baba Nizar."

"Mimi nitangoja. Marehemu hangoji, ndugu yangu."

Nilijua pale pale. Nikakaa kwenye kiti cha Baba nikajaribu kurudisha nilichokiondoa. Kile kidirisha kikaja, kikadai diski, na diski unayo wewe. Nikakataa, kikarudi. Nikakubali, kikadai. Baba Nizar hakuweza kuondoka, maana unajua hakuna anayeacha tangazo la kifo lichapwe bila kulisoma mwenyewe. Jina la mtoto wa ami likitangulia la ami, ukoo mzima hausalimiani. Basi alikaa, akasimama, akakaa tena, na saa zikaenda.

Mwishowe Baba alinisogeza polepole, akachukua kalamu nene, akaandika tangazo lote kwa mkono, akatoa nakala, na vijana wakazibandika kutani hadi ng'ambo ya mto. Baba Nizar akalisoma, akakimbilia msibani akiamini kuna mwingine aliyekwenda kwa Hajati. Kule msibani kila mtu aliamini amekwenda yeye.

Hajati Wasila alilisoma ukutani, akitoka kununua mkate. Wanasema mikate ilikuwa bado inatoa moshi mikononi mwake. Alipofika kwa kaka yake, jeneza lilikuwa limeshatoka.

Jioni Baba Nizar alirudi dukani, macho mekundu. "Si ungeandika kwa mkono tangu mwanzo, Mufid!" Baba akamjibu, "Lawama ni yangu. Mashine iliharibika, nami nikachelewa kukata shauri." Mimi nilikuwa nyuma ya rafu nikipanga bahasha za harusi. Nilisikia baba yangu akibeba kosa langu, Mjomba, na nikaendelea kupanga bahasha. Hajanigombeza hadi leo. Afadhali angenigombeza.

Jana nilikwenda na Mama kwenye tanga la wanawake. Hajati Wasila akanishika mkono, akanivuta karibu.

"Wewe si wa Mufid? Mwambie baba yako Mungu ampe afya. Mashine imekufa, lakini jina la kaka yangu kaliandika kwa mkono wake, limenyooka, kama la mkubwa wa mji."

Nilimeza kahawa ile chungu ya msibani, nikainamisha uso. Mama akanibana goti, akidhani ni haya za kitoto.

Sasa Baba anaandika kila tangazo kwa mkono, na vidole vimemvimba kwa baridi. Tafadhali mpe diski yeyote anayekuja huku. Safari hii nitaiweka Baba akiwa ameketi kando yangu, na nitaandika ukurasa mzima kabla sijasema imepona. Naamini nitaweza.

Bibi anakusalimu sana, na Mama, na Baba ambaye hajui kwamba nakuandikia. Mbusu Layth, na mwambie Rim kanzu yake ya sufi iko tayari. Mungu akulinde ugenini na akurudishe ukiwa na nguvu zako.

Siku ya arubaini tutakwenda tena kwa Hajati Wasila, na ningependa jibu lako linifikie kabla. Nikimwambia kwamba si mashine iliyomnyima uso wa kaka yake, bali ni mimi, je, nitakuwa nimempa haki yake, au nitakuwa nimejipunguzia uzito wangu kwa kumwongezea wake?

Mpwa wako anayekuonea fahari, hata kama leo hajionei,
Rudaina